Umeme Uliomnyamazisha Aden

Mvua ilipoanza kugonga mabati ya maduka ya Kisii, siku ya soko, watu walikimbilia barazani, na Machogu akakimbia nao, mkungu wa ndizi begani. Mkewe Bonareri alimfuata na kikapu cha wimbi. Alijua kitakachotokea, akamshika mkono mapema. Haikusaidia. Machogu aliinua uso, akasikiliza, kisha akasema kwa Kiswahili, kama mtu anayemjibu mwenzake aliye karibu tu:

"Nipo, Aden. Nipo hapa."

Watu wakageuka, wengine wakacheka. Askari waliorudi kutoka vitani Burma wakiwa wameharibika kichwa hawakuwa wageni tena hapo sokoni. Lakini mwenye duka hakucheka. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Batuli, mjane wa Kiislamu, muuza vitambaa. Aliacha kipimo chake juu ya meza akaja mpaka mlangoni.

"Umemwita nani?"

"Aden, mama."

"Aden gani?"

"Aden Gulled. Wa kikosi chetu."

Batuli alikaa juu ya gunia la chumvi. Aden Gulled alikuwa mwanawe, na hakuwa na mwingine. Vita viliisha, meli zikarudisha vijana wa watu, wake hakurudi. Serikali ilimwambia tu kwamba hajulikani alipo. Hakuwa amemsomea hitima, kwa sababu hakuna mtu aliyesimama mbele yake akamwambia kwa kinywa chake kwamba amekufa.

"Anasema nini?" aliuliza.

Bonareri alimvuta mumewe waondoke, mvua au si mvua. Machogu hakusogea. Alisikiliza kidogo, akatabasamu.

"Anauliza kama chai imeiva. Anasema tena tumeweka sukari kidogo."

Batuli akajifunika uso kwa mtandio. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Ni yeye," alisema. "Wallahi ni yeye."

Hivyo ndivyo walivyojuana.

Nyumbani kwa Machogu kulikuwa juu Manga, kwenye ukingo wa mlima ambako mawingu ya alasiri hufika kabla ya mahali pengine. Tangu arudi, alikuwa analima vizuri asubuhi, anacheza na binti yao Nyanchera, anaenda kanisa la Wasabato Jumamosi na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi. Mawingu yakishaingia, anaondoka. Mwili unabaki umesimama kati ya mistari ya kahawa, yeye hayupo. Na lugha inabadilika. Nyumbani kwao kila kitu kilisemwa kwa Ekegusii, kuanzia sala mpaka ugomvi, lakini mvua ikinyesha Machogu alizungumza Kiswahili cha jeshi. Bonareri alikuwa amesoma miaka michache tu kwa wamisheni. Kiswahili kilichobaki alijifunza hapo, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akisikiliza nusu moja ya mazungumzo.

Angwenyi, kaka mkubwa wa Machogu, alikuja na fikra zake. "Kama ni mzimu wa ukoo, tungejua la kufanya," alisema. "Huyu ni mtu wa nje. Sijui hata anakula nini. Twende kwa omobari amfungue kichwa, kitoke kilichoingia."

Omobari alikuwa fundi wa kupasua fuvu, na watu wengi milimani walikuwa hai kwa kazi ya mikono yake. Bonareri alimheshimu. Lakini alimfikiria mumewe ameshikwa chini, ngozi ya kichwa imekunjuliwa, akakataa.

Batuli naye alianza kupanda Manga. Alikuja kwa lori mpaka chini, kisha kwa miguu, akiwa na sukari na kitambaa cha mtoto. Alikaa jikoni kwa Bonareri akingoja mvua kama wengine wanavyongoja basi. Ikinyesha, anatoka na mwavuli, anasimama karibu na Machogu.

"Anasema nini, mwanangu?"

"Anasema buti zinambana."

"Mwambie avue, akaushe miguu."

"Mama anasema uvue, ukaushe miguu." Kimya. "Anasema haya."

Bonareri alimwonea huruma yule mama, na akamchukia, na akaona haya kwa kumchukia. Kwake sauti ile ilikuwa inamla mume. Kwa Batuli ilikuwa kila kitu kilichobaki.

Msimu wa mvua kubwa ulipofika, Machogu akaanza kuifuata sauti. Alasiri moja alitupa jembe akakimbia mteremko wote hadi mtoni. Majirani walimkuta maji yamefika kifuani, anaita. Walimtoa kwa kamba. Akiwa amejifunika blanketi karibu na moto, meno yakigongana, alimwambia mkewe kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Kule msituni mvua ikinyesha humwoni hata mtu wa mbele yako. Kwa hiyo tulikuwa tunaitana. Yeye anauliza, upo? Mimi nasema, nipo. Siku ile tuliamriwa kimya, adui alikuwa karibu kabisa. Aden alikuwa ameumia, amelala upande wa pili wa gogo. Akaanza kuita. Machogu, upo? Niliweka mkono mdomoni, hivi. Akaita tena. Akaita mpaka akaacha."

Bonareri alisogeza kuni motoni.

"Sasa namjibu kila mara," Machogu alisema, "na kila mara anauliza tena. Mama Nyanchera, nimechoka. Nataka kusikia mvua tu. Mvua peke yake."

Walimpeleka hospitali ya misheni. Daktari wa pale, Mzungu aitwaye Walter, alikuwa ameleta mashine mpya. Angwenyi aliizunguka akaikagua: sanduku la mbao, saa yenye mshale, nyaya mbili zenye vipande vya chuma vilivyofungwa kitambaa.

"Unapasua wapi?" aliuliza.

"Sipasui popote," alisema Daktari Walter. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini kilieleweka. "Ubongo wenyewe unafanya kazi kwa umeme, umeme mdogo sana. Mimi ninapitisha umeme kutoka nje, hapa na hapa, kwenye vipaji vya uso. Unaleta kifafa kifupi. Baadaye mgonjwa analala. Wengi wakiamka mara kadhaa hivyo, wanakuwa wazima."

"Kwa nini wanapona?"

Daktari aliitazama mashine yake. "Sijui. Hakuna anayejua bado. Tunaona tu kwamba wanapona."

Bonareri alimpenda kidogo kwa jibu hilo.

"Kuna jambo lingine," daktari aliendelea. "Unaondoa na kumbukumbu. Mara nyingi zinarudi, si zote. Ndiyo maana mimi naanza na umeme mdogo kuliko nilivyofundishwa. Nachunguza kama mdogo unatosha."

Machogu alisema aanze.

Bonareri aliruhusiwa kukaa dirishani. Nesi Marion alilowesha vitambaa kwa maji ya chumvi, akampa Machogu mpira wa kuuma ili asijikate ulimi. Watumishi wanne walimshika mabega na nyonga. Nje, jenereta ilibadilisha mngurumo, na taa ya chumba ikafifia. Mwili wa mumewe ukakakamaa, ukatetemeka kama wa kuku aliyechinjwa, kisha ukalegea. Alipoamka alilalamika ladha ya chuma mdomoni. Hakujua siku. Baada ya chai alijua tena.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kila mvua iliponyesha juu ya mabati ya wodi, Machogu alikaa kitandani akageuza sikio. "Yuko mbali sasa," alisema, "lakini anaita. Ni vibaya zaidi akiwa mbali. Natamani kumfuata."

Daktari Walter akamwita Bonareri kando. "Umeme mdogo haukutosha. Naweza kuongeza. Nikiongeza, sauti huenda ikaondoka, na mengine huenda yakaondoka nayo. Yeye amesema niongeze, lakini mtu mgonjwa kusema hivyo hakunitoshi. Wewe unasemaje?"

Batuli alikuwa amekaa kwenye benchi ya nje. Alikuwa amesikia. Alisimama, akamshika Bonareri mikono yote miwili.

"Binti yangu, mimi sina haki ya kukuzuia. Ni mume wako. Lakini nakuomba, ngoja mvua moja tu. Nimuage mwanangu."

Wakangoja. Alasiri mawingu yalikuja kutoka upande wa ziwa, mvua ikashuka. Batuli aliinama kando ya kitanda, akamwambia Machogu, "Mwulize analala wapi. Mwambie mama yako anataka kujua umelala wapi."

Machogu aliuliza. Alisikiliza mpaka jasho likamtoka. "Hajibu hilo, mama. Anauliza lake tu."

"Lipi?"

Machogu alimtazama mkewe, akafunga macho. Hakusema. Batuli akambusu kichwani, pale pale penye alama nyekundu za vyuma, akatoka na viatu mkononi.

Bonareri akamwambia daktari, "Ongeza."

Mara iliyofuata taa zilififia mpaka karibu kuzimika. Ikawa hivyo mara kadhaa zaidi. Kisha siku moja mvua ya mawe ilipiga wodi mpaka wagonjwa wakaziba masikio, na Machogu akala uji wake wote bila kuinua kichwa.

"Unasikia nini?" Bonareri aliuliza.

"Mvua. Itaharibu wimbi."

Alilia kwa furaha, akapiga magoti palepale kumshukuru Mungu. Machogu alimtazama kwa mshangao, akamfuta machozi kwa kiganja.

Nyumbani alifanya kazi mchana kutwa, jua na mvua. Alinenepa. Alicheka tena kile kicheko chake cha zamani cha kutupa kichwa nyuma. Angwenyi alikuja kumtazama, akakubali kwamba Mzungu ni fundi. Ni Bonareri tu aliyeanza kuona mashimo. Machogu alikumbuka harusi yao, alikumbuka kuandikishwa jeshini, alikumbuka gari moshi la Kisumu na vumbi lake. Baada ya hapo palikuwa peupe hadi hospitali. Aliona kovu kwenye paja lake akauliza limetoka wapi. Siku moja alimsalimia mpita njia kwa Kiswahili safi, akasimama katikati ya njia.

"Mama Nyanchera, Kiswahili hiki nilijifunza wapi?"

"Jeshini."

"Lazima nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye," alisema, akaendelea na safari.

Walimngoja arudishe kumbukumbu, kama daktari alivyosema. Miezi ikapita. Batuli akapanda Manga mara ya mwisho, bila sukari na bila mwavuli. Machogu alimkaribisha kwa adabu, akamletea kigoda.

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

Batuli alimtazama usoni muda mrefu. "Kisii mjini," alisema.

"Pole kwa mlima." Akaenda kukama ng'ombe.

Batuli alimgeukia Bonareri. "Hanijui."

"Hakujui, mama."

"Wala mwanangu?"

Bonareri alitikisa kichwa.

"Basi umebaki wewe. Nimekuja nisikie mwisho wake, nikamsomee mtoto wangu hitima. Kuna kitu Machogu alikificha siku ile. Wewe unakijua, naona usoni."

Bonareri angeweza kudanganya. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, angejificha ndani yake. Lakini alisema yote: gogo, amri ya kimya, mkono mdomoni, na yule kijana akiita. Alisema jinsi alivyoita mpaka akaacha. Alipomaliza, maziwa yalikuwa yanapiga ndoo kule zizini, Machogu akimwimbia ng'ombe.

Batuli hakulia. Alikuwa amekamata ukingo wa kigoda kwa vidole vyote.

"Angejibu, wangekufa wote," alisema hatimaye. "Na mimi nisingepata hata zile alasiri." Akainuka. "Nataka kumwambia mwenyewe."

Alivuka ua mpaka zizini. Bonareri alimfuata akiwa na hofu. Batuli alimshika Machogu mkono uliolowa maziwa.

"Mwanangu, sina neno na wewe. Nimekusamehe, na Mungu akusamehe. Ulifanya ulivyoweza."

Machogu alisimama, ndoo mkononi, akatazama huku na huku. "Asante, mama," alisema taratibu. "Lakini nilikukosea nini?"

Batuli alimtazama Bonareri, na Bonareri akaona swali lile likitua juu yake mwenyewe, zito.

"Hukunikosea kitu," Batuli alisema. "Nimezeeka, nachanganya watu."

Hitima ilisomwa Ijumaa, nyuma ya duka la vitambaa. Machogu na mkewe walialikwa wakaenda. Alivua viatu mlangoni, akala pilau na wanaume, akainamisha kichwa walipokuwa wakisoma. Mzee mmoja jirani alimwuliza kama alimfahamu marehemu.

"Hapana," alijibu. "Nimemsindikiza mke wangu."

Wakarudi pamoja kwa miguu, manyunyu yakianza. Walipofika kwenye mteremko wa kwanza wa Manga, Machogu alisema, "Yule mama alinitazama sana. Na jina lile walilokuwa wakilisoma. Aden. Kila wakilitaja moyo unaruka, kama nimesahau mlango wazi. Alikuwa nani?"

Bonareri aliendelea kutembea. Aliona kwamba analo la kumpa, na analo la kumficha, na kwamba hakuna daktari wa kumwuliza kipimo.

"Alikuwa rafiki yako," alisema. "Mlikuwa pamoja Burma. Alipenda chai yenye sukari nyingi, na buti zilikuwa zinambana."

Machogu alicheka kidogo. "Nieleze zaidi."

Akamweleza, kwa Ekegusii, njia yote ya kupanda. Habari za gogo aliziacha. Mengine Machogu aliyasikiliza kama habari za watu wengine, akauliza maswali, akayashika. Miaka iliyofuata aliwasimulia watoto habari za rafiki yake Aden, kwa maneno ya Bonareri, pamoja na makosa ya Bonareri, akiamini anakumbuka.

Mvua ya alasiri ilipokuwa inanyesha alilala usingizi mzito, mdomo wazi. Bonareri ndiye aliyekuwa hawezi kukaa. Aliacha aliloshika, akasimama mlangoni akitazama kahawa ikipotea kwenye ukungu. Hakuwahi kusikia kitu. Lakini hakuweza kuketi mpaka mvua iishe.