Mzee Burito Anapimwa kwa Mizani ya Pamba

Mwaka ambao chumvi ilirudi madukani Kibara, baada ya foleni za miaka, ndio mwaka Mzee Burito alikatazwa kuila.

Alikuwa ametoka kulazwa wiki tatu, miguu imevimba, pumzi haimfikishi hata chooni. Moyo wake, walimweleza, umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Siku ya kuruhusiwa alipewa vidonge vya moyo, vidonge vya kupunguza maji, na Nesi Hyasinta, wa kumfuatilia kwa baiskeli kila Ijumaa.

"Nitakuwa nakupima uzito, mzee," Hyasinta alimwambia. "Ukipanda kilo mbili ghafla, hiyo si nyama, ni maji. Nitakurudisha wodini."

Mizani ya zahanati ilikuwa imekufa na spea hazipatikani, kwa hiyo Hyasinta akaomba ile ya kuning'inia kwenye ghala la pamba. Burito alikalishwa ndani ya gunia lililotobolewa matundu mawili ya miguu, akaning'inia kama mtoto mgongoni. Hyasinta alikuwa mgeni, katokea Musoma. Hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa wake alikuwa karani wa mizani hiyohiyo kwa miaka kumi na saba.

Ijumaa ya kwanza, kilo sitini na moja. Ya pili, sitini. Ya tatu, hamsini na tisa.

"Wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe!" nesi alisema. Burito akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nyumbani, mkewe Wankyo alimwekea sato asiye na chumvi, na alipogeuka tu, mzee akatoa kifurushi ndani ya kofia, akanyunyiza.

Ijumaa ya nne alikuja pekupeku. Viatu vilikuwa vimegoma kuingia. Hyasinta alimbonyeza kwenye muundi kwa dole gumba, na shimo likabaki pale pale.

"Mizani inasema umepungua, mguu unasema umeongezeka," alisema. "Mmoja kati yao ni mwongo."

Mama Pelagia, aliyekuwa ameleta pamba yake, akaangua kicheko.

"Sista, unaangalia juu kwenye namba. Hata sisi tulikuwaga tunaangalia juu. Hebu angalia chini!"

Hyasinta akainama. Kisigino cha mzee kilikuwa kimetulia juu ya jiwe.

Wakulima wote wakaja mbio. "Karani! Kumbe kilo zetu zilikuwa zinaendaga hapo!" Pelagia akaliondoa jiwe kwa mikono yake, taratibu, kama mtu anayefurahia chakula. Mshale ukakimbia hadi sitini na sita.

Kicheko kikakatika. Hata wao walielewa maana ya kilo hizo.

"Usinirudishe, mwanangu," Burito alisema kwa sauti ndogo, bado ananing'inia. "Stanislausi tulilala kitanda kwa kitanda. Walimtoa amefunikwa shuka."

Hyasinta hakumgombeza. Alimsikiliza mapafu, akamsaidia kushuka, akaketi naye juu ya marobota.

"Stanislausi alifika amechelewa, baba. Wewe mapafu bado safi. Vidonge vya kupunguza maji viwili badala ya kimoja, kama daktari alivyoniandikia ukivimba, na nitakuja kila siku. Kufikia Jumatatu usipopungua, tunapanda lori kwenda hospitali ya Bunda, na nitakaa na wewe. Sasa lete hicho cha kwenye kofia, chumvi inakudondokea begani."

Akakitoa. Machozi yalimlengalenga kuliko siku aliyostaafu.

Jumatatu Pelagia ndiye aliyesoma mizani, kwa sauti ya kusikika hadi ziwani: sitini na tatu! Watu wakapiga vigelegele. Wiki iliyofuata alivaa viatu.

Mwezi wa pili Hyasinta alimpitia nyumbani akiwa amenuna. Mzee Keraryo wa kijiji cha jirani alikuwa anameza vidonge vyote mbele yake, lakini uvimbe haupungui hata kidogo.

"Anaviweka shavuni, upande usio na meno," Burito alisema, akivaa kofia. "Ukitoka, anawatemea kuku."

"Umejuaje?"

"Sista, mimi nikae hapo kwenye keria, wewe endesha."