Kutoka Arobaini na Moja Hadi Arobaini na Sita

Pale masjala ya hospitali walimwita Umeme, na mwenyewe jina lilimkaa. Siri yake ilikuwa kipanya cha kompyuta. Wenzake waliburuta mshale juu ya maneno kama watu wanaosukuma mkokoteni. Yeye alibofya mara mbili, neno zima likashikwa, mara tatu, aya nzima. Alibana kitufe cha Ctrl akazungusha gurudumu la kipanya, herufi zikakua kwa ajili ya mkuu wa masjala, ambaye hakutaka kukiri kwamba macho yanamsumbua. Mkuu alifurahi mno, akamwagiza aziandike mbinu zake kwenye karatasi, ikabandikwa ukutani kando ya kalenda. Kila asubuhi Umeme aliitupia jicho akipita. Nani asiyependa kusifiwa?

Mbinu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuzoa. Unabofya jina la kwanza, unabana Shift, unabofya la mwisho, na yote ya katikati yanakuja. Ukitaka kuchagua moja moja, unabana Ctrl na kubofya kila jina peke yake. Hiyo, Umeme alikuwa akisema, ni kazi ya watu wasio na kwao.

Kila Ijumaa mchana Sista wa wodi ya moyo alimletea kikaratasi. Wagonjwa waliosubiri upasuaji walikuwa kwenye orodha, kila mmoja na namba yake, na kikaratasi kilitaja namba za waliofariki wiki hiyo. Kazi ya Umeme ilikuwa kuwatoa kwenye orodha na kuwaburuta hadi folda iliyoitwa Waliofungwa. Madaktari wa upasuaji walikuja mara mbili tu kwa mwaka, wakaita watu kwa kuifuata orodha hiyo. Usipokuwemo, huitwi, wala hakuna wa kuuliza umepotelea wapi.

Ijumaa moja kikaratasi kilisema: 41, 42, 43, 45, 46. Umeme alikuwa ameshatundika pochi begani. Akaona namba zimefuatana, akabofya arobaini na moja, akabana Shift, akabofya arobaini na sita, akaburuta. Chini pembeni skrini iliandika kwamba majina yaliyochaguliwa ni sita. Kikaratasi kilikuwa na matano. Na ile sita aliiona, hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Macho yaliiona, lakini kidole kilikuwa kimeshaachia, na mawazo yalikuwa yameshafika nyumbani.

Namba arobaini na nne alikuwa mke wa fundi cherehani. Fundi alikuwa mzee mwembamba aliyekuja dirishani kila Jumatatu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mwanangu, jina letu bado lipo?"

"Lipo, baba. Vumilieni kidogo."

Jumatatu nne alijibu hivyo bila kufungua orodha. Jina lilikuwepo, lingekwenda wapi?

Madaktari wakaja, wakakaa siku kumi, wakaondoka. Jumatatu iliyofuata fundi alikuja bila utepe.

"Wameita mpaka hamsini na mbili," akasema. "Sisi ni arobaini na nne. Au mimi ndiye sijui kuhesabu?"

Umeme akafungua orodha. Ilitoka arobaini ikaruka hadi arobaini na saba. Akafungua Waliofungwa, na huko akamkuta mke wa fundi, mtu mzima anayepumua, amelazwa katikati ya maiti.

Njia ya kumwokoa ilikuwepo, na Umeme aliijua. Masjala ikikiri kosa lake kwa maandishi, kuna fomu ya dharura, na mgonjwa hupelekwa hospitali nyingine ndani ya wiki. Lakini fomu ilitaka sahihi ya aliyekosea. Akaiona ile karatasi yake ukutani ikibanduliwa. Akajiona anamwaga unga. Basi akabofya kitufe cha kulia, akachagua Rudisha, na jina likarudi kwenye orodha kimya kimya.

"Lipo, baba. Mmerukwa tu. Awamu ijayo mtakuwa wa kwanza."

"Baada ya miezi mingapi?"

"Mitano."

Fundi alihesabu kwa vidole. "Tutajikaza. Mungu akubariki, mwanangu."

Tusimpambe. Ulikuwa ni woga, woga mtupu, na alijua. Fomu aliichukua akaificha kwenye droo. Akajaza namba ya mgonjwa, akajaza tarehe, akafika kwenye sahihi akaweka kalamu chini. Kesho, alijiambia. Siku iliyofuata alijiambia vilevile. Ofisi ya daktari anayepokea fomu hizo ilikuwa juu tu, ngazi kumi na sita. Alizihesabu, hakuzipanda.

Ijumaa ya tatu Sista alileta kikaratasi chenye namba moja tu: 44.

Mchana huohuo fundi akasimama dirishani. Shati limepigwa pasi, macho mekundu.

"Nimekuja kufunga faili, ili wanipe kibali cha mazishi. Wameniambia ni kwako. Nikushukuru pia. Kila Jumatatu ulinijibu kwa upole. Wengine hapa wanatufokea."

Umeme akabofya arobaini na nne, peke yake, bila Shift, akamburuta taratibu hadi Waliofungwa. Kompyuta ikagoma. Kisanduku kikatokea katikati ya skrini: faili hili lilishawekwa hapa awali. Chini yake ilikuwepo tarehe ya ile Ijumaa, na majina yake Umeme mwenyewe, yote matatu. Kisha swali: tarehe ya zamani ifutwe, iwekwe ya leo? Ndiyo. Hapana.

Mbofyo mmoja tu. Tarehe ya zamani ingepotea, mke wa fundi angekuwa amefungwa leo, kihalali kabisa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mshale ulikuwa umeshafika juu ya Ndiyo.

Fundi alikuwa akisubiri, mikono ameikunja kwa adabu.

Umeme akaondoa mshale pale. Akaishika skrini kwa mikono miwili, akaigeuza mpaka ikamwelekea mzee. Akabana Ctrl, akazungusha gurudumu, herufi zikakua, zikakua tena.

"Soma, baba," akasema.

Fundi akatoa miwani mfukoni. Alisoma polepole, kidole kikipita neno kwa neno juu ya kioo, mpaka kikafika kwenye tarehe. Kikakaa hapo.

"Siku hii," akasema, "tulikuwa wote kibandani. Alikuwa ananishonea vifungo."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nani amemweka humu?"

Majina yalikuwa pale pale, chini ya kidole chake. Umeme aliyasoma mwenyewe, kwa sauti, yote matatu.