Makopa ya Mwasiti

Asubuhi ya Jumatatu Salma binti Mussa alisonga ugali kama kawaida kwenye jiko la watoto pale Likombe. Aliusonga kwa mwiko mrefu kama kasia, mguu mmoja ameukanyaga juu ya jiwe, maana sufuria lile lilikuwa kubwa na nguvu za mkono peke yake hazikutosha. Watoto walikaa chini kivulini, kila mmoja na kipande cha bati shingoni. Wa kwanza kutia tonge mdomoni alikuwa mtoto wa seremala. Akatafuna, akameza, kisha akasema kwa sauti ya mwanamke mtu mzima:

"Nani kaacha kuku waingie kwenye makopa? Swa! Hebu wafukuzeni hao!"

"Kula kwanza, maneno baadaye," Salma akamwambia.

Wa pili naye akameza, akauliza jembe la mpini mfupi limewekwa wapi. Wa tatu akacheka kicheko cha kukohoa. Kufika katikati ya mlo jiko zima lilikuwa linazungumza kwa sauti ya Mwasiti wa Naliendele, ambaye alizikwa mwezi wa Rajabu. Salma alimjua vizuri. Waliingia unyago mwaka mmoja. Akafunika sufuria, akamwita muuza chumvi aliyekuwa anapita kuelekea Naliendele, akampa salamu zake.

"Mwambie Athumani mkewe yuko huku jikoni. Anaulizia jembe."

Muuza chumvi akasema atamwambia, akauliza kama kuna ukoko. Akaambiwa hakuna.

Jambo la makopa lazima lisemwe hapa, maana wakubwa walijifanya hawalijui. Muhogo wa upande ule ni mchungu, ukiula hivi hivi unakuua. Wanawake humenya, huulundika na kuufunika majani mpaka uote ukungu, halafu huukwangua ukungu wote na kuuanika juani mpaka ugonge kama mbao; hayo ndiyo makopa, yanayotwangwa kuwa unga wa ugali. Kazi ni ndefu, na mtu hawezi kukwangua kimya. Maneno yanayosemwa pale huingia ndani ya makopa na kukauka humo. Ndiyo maana hakuna mwanamke mwenye akili anayemsengenya mama mkwe wake mbele ya makopa. Nyumbani si taabu, kwa sababu unakula sauti uliyoizoea. Taabu huanza chakula kikienda mbali na mwenyewe asijulikane.

Mwaka huo wa hamsini na tatu Ruvuma ilifurika ikazoa mpunga wa Mahurunga wote, halafu mvua ikakata moja kwa moja. Serikali ikaleta mpango. Kwa maneno, mpango ulikuwa mzuri, kama mipango yote. Mkulima apeleke makopa yake ghalani kabla ya miezi ya njaa, yapikiwe watoto. Naye apewe kipande cha bati chenye tundu, na mtoto wake akivaa bati hilo atakula jikoni kila siku mpaka mavuno. Wakulima walipiga makofi. Mwasiti alipiga kuliko wote. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, Hadija, na alikuwa na makopa magunia matatu.

Aliyepokea makopa ghalani alikuwa karani Waziri. Waziri alizaliwa Naliendele hiyo hiyo, nyumba ya tatu kutoka kwa Athumani, na meno yake yote aliyaotesha kwa unga wa makopa. Aliingiza mkono ndani ya gunia la Mwasiti, akatoa pande moja, akaligeuza. Lilikuwa na madoa ya kijivu kama makopa yote ya dunia.

"Lina ukungu hili."

"Ukungu umekwanguliwa, mwanangu. Hayo ndiyo madoa yake. Mama yako alikuwa anakulisha nini?"

"Mama yangu hayumo kwenye kanuni. Kanuni inasema makopa yawe meupe."

"Basi meupe yako wapi? Nioneshe mtu mmoja hapa mwenye makopa meupe, nimpigie magoti."

Watu wakacheka foleni nzima, na hilo ndilo lililomponza. Waziri akapaka magunia yote matatu rangi nyekundu, akasema ni sumu, yatatupwa baharini. Mwasiti akaomba arudi nayo nyumbani. Akakataliwa, kwamba akila akafa lawama itakuwa ya ghala. Akarudi mikono mitupu, bila makopa na bila bati.

Njaa ilipokaza, Mwasiti alikuwa akiingia msituni kuchimba ming'oko. Mizizi ile ni myembamba kama vidole na iko chini sana. Siku nyingine alichimba shimo la kumfika kiunoni akapata ya kushika kwenye kiganja. Alimpa Hadija, akasema yeye amekula njiani. Athumani alijua hakula. Siku moja Mwasiti alirudi, akaweka ming'oko jikoni, akasema ana usingizi. Hakuamka. Jumbe wa kijiji akasema amekufa kwa homa, kwa sababu serikali ilikwisha kutangaza kwamba hakuna mtu anayekufa kwa njaa.

Athumani alipopata salamu za Salma hakuuliza mara mbili. Alimshika Hadija mkono, wakatembea mpaka Likombe, wakasimama nje ya ua wa fito. Ndani watoto walikuwa wanakula. Sauti ya Mwasiti ilikuwa inatoka vinywani mwao, hapa nusu, pale nusu, kama mtu anayezungumza huku anazungukazunguka uani.

"Geuzeni hayo ya upande wa huku, jua linahama," kikasema kitoto kimoja chenye kamasi.

"Hadija! We Hadija! Njoo mwanangu ulambe mwiko."

"Abee mama!" Hadija akaitika, akakimbilia mlangoni.

Mlinzi akamzuia kwa fimbo. Hakuwa mtu mbaya.

"Bati liko wapi?"

"Mama ananiita."

"Nimesikia. Lakini bati liko wapi?"

Hadija akarudi kwenye fito. Siku hiyo aliitwa tena na tena, na kila alipoitwa aliitika.

Athumani akaenda ghalani. Waziri alikuwa amekaa juu ya mizani anakata kucha.

"Waziri, makopa ya mke wangu hukuyatupa."

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Sitaki shikamoo yako. Yako jikoni. Nenda kamsikilize."

"Nimemsikia tangu asubuhi, ananiuliza habari za kuku," Waziri akasema. "Magunia yale niliyatoa ghalani kama mabaya. Aliyeyaokota ni shemeji yangu, naye ana kibali cha kuuzia jiko. Alivyoyaleta yalikuwa yameshakuwa mazuri. Mimi kosa langu liko wapi?"

"Basi kama mazuri, mpe mtoto bati."

"Hilo ni la Bwana Shauri."

Bwana Shauri alikuwa Mzungu mkubwa wa wilaya. Alikuja siku ya Alhamisi kwa gari, suruali fupi, soksi ndefu, akaingia jikoni na kuwasikiliza watoto. Kiswahili alikijua vyema. Kitoto chenye kamasi kikamwambia asikanyage mkeka, akashuka kwenye mkeka na kuomba radhi. Kisha akamwita Athumani.

"Unasema hii sauti ya mke wako."

"Ndiyo, bwana. Na unga wake. Mimi sidai kitu kingine. Mtoto wangu aingie ale, basi."

Bwana Shauri akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, walivyosema, na alifikiri kwa muda mrefu.

"Sikiliza, mzee. Makopa ya mke wako yalikuwa mabovu. Watoto hawa wanakula tangu Jumatatu, hakuna anayeumwa. Kwa hiyo haya si mabovu. Kwa hiyo haya si ya mke wako."

"Na sauti, bwana?"

"Sauti ni ya mke wako. Nakubali. Sauti siikatai hata kidogo. Lakini bati linatolewa kwa makopa, halitolewi kwa sauti."

Waziri alitikisa kichwa kuonesha kwamba jambo limekwisha. Pale pale mtoto wa seremala akameza tonge, akasema, "Mwenyezi Mungu awape afya," akajipangusa mdomo kwa kanga ambayo hakuwa nayo.

Kabla ya kupanda gari Bwana Shauri akatoa amri mbili. Ya kwanza, watoto wale kimya, na atakayesema wakati wa kula avuliwe bati. Ya pili hakuisema pale. Toka siku hiyo watoto walitafuna midomo imebanwa, mashavu yamevimba kwa maneno ya Mwasiti, wakayameza. Jioni, makwao, baadhi walilalamika tumbo.

Salma hakuogopa amri, ila aliogopa kupoteza kazi, maana naye alikuwa na wanawe. Alingoja mpaka gunia la mwisho likaisha. Siku hiyo, alipokuwa anaosha sufuria, alikwangua ukoko wa chini, akaufunga kwenye jani la mgomba, akaupitisha chini ya fito.

"Kale nyumbani, mwanangu. Usile njiani."

Hadija alibeba lile jani kwa mikono miwili mpaka Naliendele. Athumani alimkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa. Mtoto akala polepole, akaumaliza wote, akalamba jani. Kisha akamtazama baba yake akamwambia kwa sauti ya mama yake:

"Athumani, acha uso wa mkunjo. Tuwape tu yote. Wakila watoto wa wenzetu, na wetu atakula. Serikali haiwezi kumsahau mtu aliyeilisha."

Na akacheka kile kicheko cha kukohoa.

Athumani aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amekaa pale pale, anashika gunia mdomo wazi ili mkewe alijaze, na aliposikia maneno hayo alicheka pamoja naye. Sasa hakucheka. Alingoja aone kama kuna jingine. Hadija akapiga mwayo kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji.

Amri ya pili ilifika kwa meli, kwenye gati jipya ambalo hata saruji yake haikuwa imezoea maji. Ilikuwa unga wa mahindi wa njano, magunia mpaka juu, kutoka nchi ambayo hata Waziri hakuweza kuitaja. Bwana Shauri alieleza mkutanoni kwamba unga wa wakulima wa hapa una maneno mengi. Wakulima waendelee kulima muhogo kama sheria inavyotaka, asiyelima atafungwa. Ila ghala halitapokea tena. Mtu mmoja akauliza sasa wakishalima waupeleke wapi. Akaambiwa hilo ni swali zuri.

Shemeji wa Waziri akapewa kazi ya kubeba ule unga kutoka gatini mpaka jikoni.

Watoto wakala ugali wa njano, na siku ya kwanza tu wakaanza kusema. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwingine, nene kidogo, na lugha yenyewe haikuwa Kiswahili wala Kimakonde, wala Kiingereza. Bwana Shauri alikuja, akasikiliza, akasema hana habari na lugha hiyo. Alifurahi. Amri ya kula kimya ikafutwa, maana sasa hakukuwa na ubaya, na jiko likarudi kuwa na kelele kama zamani.

Hadija hakuacha kwenda kwenye fito. Alisimama pale kila siku mpaka mlo uishe, shingo tupu, akarudi nyumbani kukwangua muhogo na baba yake. Muhogo wa msimu mpya ulikubali sana. Ulijaa dari, ukajaa uani, mwingine uliozea shambani, na kila mtu Naliendele alikuwa nao hivyo hivyo, na Likombe watoto wasio na bati walikuwa bado wanachuma majani ya mrenda njiani. Athumani alikwangua kwa kisu cha Mwasiti, mdomo ameufunga. Aliona hana neno la kumtilia mtu humo ndani.

"Baba," Hadija akasema, "yule mama wa unga wa njano kuna neno moja analirudia."

"Neno gani?"

Hadija akalisema. Lilikuwa fupi, la kuvuta mwisho.

"Maana yake?"

"Jina," Hadija akasema. "Anaita mtoto wake. Leo kaita tena na tena."

Akachukua pande jingine, akaanza kulikwangua.

"Hajaitika mtu."