Miti Miwili kwa Kila Jina

Rudayna akabonyeza mara ya nne, na mara ya nne simu ikamletea maandishi yaleyale mekundu: kipindi cha malipo kisizidi mwaka mmoja.

"Imekataa tena?" aliuliza shangazi yake Wadha, aliyekaa mkekani akichambua majani ya zaatari ya kiungo.

"Inataka wiki, mwezi au mwaka. Miaka miwili haiijui."

"Basi haijawahi kuona mzeituni."

Huko milimani Ajlun hata mtoto anajua kwamba mzeituni ukizaa sana mwaka huu, mwakani unatoa majani tu. Kwa hiyo Rudayna alipotaka kuuza mafuta mtandaoni, mteja aandikishe jina lake kwenye mti na pesa zikatwe zenyewe kwenye kadi, alijaza miaka miwili bila kufikiri. Kwake yeye, mwaka wa zeituni ulikuwa na miezi ishirini na minne.

Shamba lilikuwa la shangazi. Nawwaf, mjenzi wa kutoka Amman, alitaka kulikodi, ang'oe miti na kujenga nyumba za wageni zenye bwawa la kuogelea. Angekuja Ijumaa kuchukua jibu. Shangazi alishasema: ukurasa wa kuuzia mafuta ukifunguka kabla ya hapo, miti inabaki. Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Nikiweka mwaka mmoja je, shangazi?"

"Umkate mtu pesa wakati mti wake umelala? Utampelekea nini, kuni?"

"Tukiwaeleza, wakakubali?"

"Wakikubali watakuwa wajinga, na sisi wezi. Hebu nenda kaanue nguo."

Rudayna akapanda darini. Hakuwa mtu wa kubishana, alikuwa mtu wa kutazama. Kutoka pale shamba lote lilionekana, kuta za mawe zikipanda mlima tuta juu ya tuta. Alisimama na shuka mkononi. Matuta ya chini matawi yaliinama kwa zeituni. Ya juu yalikuwa majani matupu. Miaka yote ameyaona yakipokezana hivyo, na hajawahi kuuliza.

"Shangazi," aliita, "mbona miti ya juu haizai pamoja na ya chini?"

"Ile theluji kubwa, mwaka uliozaliwa wewe. Iliivunja matawi, ikakosa zamu yake. Tangu hapo inakwenda kinyume, kama marehemu mume wangu."

Rudayna akashuka mbio, shuka begani, nguo nyingine kaziacha kambani.

"Kila mteja tumpe miti miwili. Mmoja wa chini, mmoja wa juu. Mmoja ukilala, mwenzake unazaa. Atalipa kila mwaka, na kila mwaka atapata mafuta."

Shangazi aliacha kuchambua.

"Ya juu iko arobaini na mmoja," alisema mwishowe. "Andika wateja arobaini, usizidishe hata mmoja. Ule wa ukutani ni wangu."

Rudayna akafuta mbili, akaandika moja. Ukurasa ukafunguka.

Nawwaf alipofika Ijumaa na sinia la kunafa, kitamu cha jibini na shira, aliwakuta shambani wakifunga vitambaa mitini, kila mteja na rangi yake. Chekundu chini, chekundu juu. Bluu chini, bluu juu. Kijani pia. Majina yalikuwa matatu tu, lakini yalikuwa yameingia kwa usiku mmoja.

"Mama Wadha, nimekuja kusikia jibu."

"Jibu ndilo hilo unalotazama, mwanangu. Ukitaka miti, jiandikishe kama wenzio." Akampokea sinia. "Kunafa hii tutaila pamoja. Rudayna, kaweke chai."