Kaburi la Pili Kutoka Mlangoni

Miaka tisa Rosa Kiden alimwagia maji kaburi la mwanawe wa kiume, Jada, kule Abuku, na miaka tisa sauti ilimwita kutoka ardhini: "Mama." Haikusema neno jingine. Ilimwita mchana kweupe, akipalilia, jembe likiwa bado hewani.

Kilichomnyima raha ni sauti yenyewe. Jada alizaliwa na koo la kukwaruza, akilia utadhani bati linaburutwa. Hii ilikuwa nyembamba.

Makaburi yalikuwa manne, mstari mmoja: Soka mumewe, mama yake Soka, Jada, na Nora, binti wa Santa, mke mwenza wa Rosa. Wote walikufa wiki moja ya mwaka themanini, kwa kipindupindu. Rosa mwenyewe alikuwa hajitambui. Kaka yake alimfunga kwenye baiskeli akamvusha Kongo. Santa ndiye aliyebaki hadi mazishi. Vita vikapita, misalaba ikachomwa kuni. Waliporudi na kujenga upya, Santa alinyoosha kidole: "Jada iko ile ya pili kutoka mlangoni."

Sasa ilikuwa mwaka tisini na sita, na Jumamosi fundi Kasimiro angekuja kumwaga saruji na kuchora majina. Saruji haifutiki.

Siku za kazi Rosa alifagia kituo kimoja cha mbegu mjini Arua. Hapo Candiru, binti msomi, alikuwa na karatasi ndefu ya mtama, yenye vistari na namba, na kila siku alifuta na kuandika upya.

"Mwanangu, hiyo karatasi imekukosea nini?" Rosa alimwuliza.

Candiru akacheka. "Mama Rosa, hizi ni alama za urithi ndani ya mtama. Najua hii na hii zinakaa jirani, maana mmea ukirithi moja, mara nyingi unarithi na ya pili. Lakini ipi inatangulia? Mimea yangu ni michache, hainiambii."

"Sasa unafanyaje?"

"Namwuliza ndugu yake, mahindi. Zamani sana walikuwa mmea mmoja. Mpangilio wa mahindi umeshajulikana, basi nauazima."

"Mambo ya nyumbani kwako unaenda kuuliza kwa watu."

"Kwa ndugu, mama, siyo kwa watu. Ila hata ndugu anaweza kukupoteza. Kuna vipande viligeuka, mwisho ukawa mwanzo. Ndiyo maana natafuta kwanza alama ya kwangu mwenyewe, ninayojua kwa hakika inakaa wapi."

Rosa aliegemea ufagio. Shemeji yake, marehemu Yugu, ndiye aliyechimba makaburi yale, na juu ya mpangilio wake alisema mambo mawili tu kabla hajafa: mzee analala kando ya mama yake, watoto wanalala pamoja. Majirani wanajulikana. Anayetangulia hajulikani.

Alhamisi aliomba ruhusa akavuka mpaka wa Kongo kwenda kwa Basile, mtoto wa ndugu yake Soka. Huko misalaba ilikuwa bado imesimama.

"Sisi wote tunazika namna moja, mama mudogo," Basile alimwambia. "Ni sheria ya babu. Unaanza mlangoni: mwenye nyumba, mama yake, binti, kijana. Mutu habadilishi."

Kijana wa mwisho, basi, mbali kabisa na mlango. Ijumaa Rosa alisimama Abuku akihesabu kutoka mlangoni kwake. La nne. Akainama kumwaga maji, mguu ukazama. Kaburi lile lilikuwa limebonyea katikati kama kitanda kilichokatika kamba.

Akasimama hivyo hivyo, mguu shimoni. Wengine wote walizikwa kwa mikeka. Soka peke yake alipewa sanduku la mbao la jeshi. Yugu alijivunia sanduku lile mpaka kufa kwake. Mbao zikioza, udongo hushuka. Huyu alikuwa Soka.

Ndipo akageuka akatazama ng'ambo, kwenye shamba la muhogo, mahali nyumba ya zamani ilipokuwa kabla haijachomwa. Mlango alioujua Yugu ulikuwa ule. Mstari wote ulitakiwa kusomwa kutoka huko: Soka, mama yake, Nora, Jada. Kaburi la Jada lilikuwa la kwanza kutoka mlango wa sasa, kavu, halijapata tone. La pili lilikuwa la Nora.

Santa alikuwa akichambua kunde barazani.

"Mwenzangu, wewe ulikuwepo. Ulijua."

Santa hakuinua macho. "Nilijua."

"Miaka tisa."

"Mimi nilikuwa naogopa kaburi ya mtoto yangu. Tangu tulimzika, ilikuwa inaniita. Siku nilikuonyesha, ulimwaga maji, ikanyamaza kwangu. Nikasema, Rosa iko na moyo, acha ampende."

"Haikunyamaza, Santa. Ilihamia kwangu."

Kunde zikamwagika. Waliziokota pamoja mpaka kivuli cha nyumba kikayafikia makaburi.

Jumamosi Kasimiro alichora majina kama Rosa alivyomwambia. Rosa akamwaga maji kando ya saruji mbichi ya Jada, akangoja. Hakuna kilichojibu.

Kisha sauti ikaita, kutoka la pili, la Nora. Santa, aliyesimama karibu, alishtuka, akarudi nyuma hatua moja.

"Inakuita wewe," Rosa alisema, akamkabidhi kibuyu cha maji.