Mguu wa Baiskeli

Pikipiki ya magurudumu matatu ilikuwa imefunikwa turubai tangu mvua za Aprili, na siku Kambi alipolivua turubai hilo hakuitazama injini kwanza. Alilitazama gurudumu la nyuma, la upande wa kushoto. Ndilo lililompanda mguu.

Lilikuwa gurudumu nene, laini, limefura kama mto wa kulalia. Hoteli ilinunua mashine mbili za namna hiyo ili wageni wachezee vilima vya mchanga vya Mambrui, na Kambi ndiye aliyekuwa akiwaongoza, yeye mbele, wao nyuma. Kabla ya hapo aliuza makaa. Miaka nenda miaka rudi alishuka nayo kutoka Ganze hadi Malindi kwa baiskeli, gunia juu ya gunia, na kila gari lililompita lilimpigia honi ashuke barabarani. Juu ya vile vilima hapakuwa na wa kumpigia honi. Wageni, na fedha zao zote, walipita alipopita yeye.

Lakini baiskeli yenye magunia ikiyumba, mwenyewe hushusha mguu. Hafikirii; mguu hujishukia. Mashine ya magurudumu matatu haiutaki mguu huo. Ikiinama, mpandaji hulaza kiwiliwili upande wa mlimani na kuiacha miguu palepale. Akiushusha, gurudumu la nyuma hukikuta kisigino, likakikanyaga, likapanda muundi. Ndivyo ilivyokuwa Desemba, mbele ya Wataliano wawili. Mfupa ulivunjika, na msimu wote uliobaki Kambi aliumalizia kitandani.

Mwaura, meneja wa hoteli, mtu wa bara asiyependa maneno mengi, alimkuta ameinamia injini.

"Bwana Kambi, tengeneza zote mbili. Wageni wanaanza kuingia Ijumaa. Alhamisi utapanda kilima nikikuona. Miguu ikae juu mpaka uzime injini. Ukigusa chini, kiti anachukua Nahashon, wewe ubaki na spana."

"Na nisipogusa?"

"Kiti ni chako. Mimi sitaki stori."

Nahashon, kijana wa bustani aliyekuwa akimsaidia, alisubiri meneja aende zake.

"Mzee Kambi, huo mguu si uufunge tu kwa mpira? Kama gunia."

"Nikipinduka nimefungwa, utakuja kunifungua?"

"Nitakuja. Nikishakalia kiti."

"Wewe hata baiskeli hujui."

"Sijui kabisa. Kwetu tunatembea."

"Basi wewe una bahati," Kambi alisema, na hakuwa akitania.

Wakaendelea na kazi. Walimwaga petroli ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuka rangi na kunuka kama vanishi. Kambi alifungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Sponji ya kuchujia hewa ilitoa mchanga wa msimu mzima. Aliiosha, akaikamua, akaipaka mafuta. Chumvi ilikuwa imekula cheni ya mashine ya pili, wakaibadilisha. Magurudumu aliyajaza upepo kidogo tu, kiasi cha kidole gumba kuzama, maana gurudumu gumu huchimba mchanga badala ya kuelea juu yake. Lile la kushoto alilijaza mwisho.

Nyumbani jioni alikilaza kinu uani, akakikalia kama anayepanda punda, miguu hewani. Kadii, mkewe, kazi yake ilikuwa kumsukuma bega bila ya kumwambia lini.

"Baba Dzombo, umeushusha."

"Sikuushusha."

"Basi huo ulio chini ni wa nani?"

Watoto walicheka, na Kadii akamsukuma tena. Ilimchukua jioni kadhaa kujifunza kuanguka. Hatimaye akawa anaanguka kama gunia, ubavu mzima, miguu ikiwa bado inakumbatia kinu. Kadii alimkung'uta vumbi, akasema sasa hata yeye angempa kiti hicho.

Alhamisi upepo ulikuwa umekiparaza kilima usiku kucha na hapakuwa na alama yoyote juu yake. Mwaura alisimama chini, mikono nyuma, Nahashon kando yake. Kambi alivuta kamba ya injini, ikakohoa. Akavuta tena, ikashika. Akabonyeza mafuta kwa kidole gumba, akapanda.

Nusu ya kilima alikata ubavuni, pale mchanga unapomomoka. Mashine iliinama upande wa bondeni. Alihisi mguu wa kushoto ukishtuka, naye akalaza kiwiliwili upande wa mlimani, kama alivyokuwa akisukumwa na Kadii. Mguu ulibaki. Gurudumu la juu likarudi mchangani. Alifika kileleni, akazunguka, akarudia ubavu ule ule kwa kusudi, kisha akateremka moja kwa moja hadi waliposimama wale wawili.

Akashika breki. Mashine ikatulia. Mguu wake wa kushoto ukashuka, ukakanyaga mchanga.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Mashine ilisimama imara kwa magurudumu yake matatu, haina haja ya kushikiliwa na mtu. Kambi aliutazama ule mguu kama kwamba mtu mwingine ameuacha pale. Kisha akanyoosha mkono, akazima injini.

"Lakini, bwana meneja," alisema Nahashon, "ilikuwa imeshasimama."

Mwaura alimgeukia Kambi. "Ilikuwa imesimama?"

Swali hilo lilitaka jibu la neno moja tu, na Mwaura alionekana yu tayari kulipokea.

"Injini ilikuwa haijazimwa," alisema Kambi.

"Kule juu umepanda vizuri."

"Kule juu niliukumbuka. Hapa nimeusahau, na wenyewe haukuniuliza."

Mwaura alitikisa kichwa mara moja kuafiki, akarudi hotelini.

Kambi alishuka. Akachukua spana, akausogeza usukani nyuma kidogo, kwa kuwa mikono ya Nahashon ilikuwa mifupi kuliko yake. Akamkalisha, akampanga miguu, akamsukuma bega bila ya kumwambia. Nahashon aliinama na mashine yake, miguu ikabaki juu.

"Ndivyo?" aliuliza kijana.

"Ndivyo. Usijifunze baiskeli."

Saa za jioni alipanda baiskeli yake kurudi nyumbani. Kabla ya daraja, ng'ombe walikuwa wakivuka barabara na mchungaji wao hana haraka. Kambi akashika breki. Baiskeli ikaanza kulala, mguu wa kushoto ukashuka, ukaishikilia. Akakaa hivyo hadi ng'ombe wa mwisho alipopita.