Aliyeshindwa Aoshe Pipa

Jumanne aliyofariki kaka, vikombe viwili vya bia vilikuwa juu ya meza ya kiwandani. Mimi na yeye tulikuwa tunachagua hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Aliyoitaka kaka ilikuwa ya zamani, chungu kweli. Yangu ilikuwa mpya, ikinukia ganda la limau. Bosi alitaka tuagize aina moja tu kwa mwaka mzima.

Kiwandani tulikuwa watatu tu, Bosi na sisi wawili, na kaka na mimi tulikuwa na sheria yetu: aliyeshindwa, yaani ambaye chaguo lake limekataliwa, aoshe pipa. Ni pipa la chuma la kuchachushia bia, refu kuliko mtu. Unashuka kwa ngazi kupitia tundu la juu, brashi mkononi. Nilikuwa nimeshindwa mara saba mfululizo.

"Pua, onja wewe," kaka alisema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Mimi mafua yamenikaba, sitofautishi bia na maji ya kuoshea."

"Usije ukalia baadaye."

"Nilie? Nilikubeba mgongoni ukanikojolea, sikulia."

Nikaonja. Yake ilikuwa bora. Uchungu wake ulikuja taratibu, ukatua. Yangu ilipiga kelele mdomoni kisha ikapotea. Lakini mgongo ulikuwa unaniuma.

"Ya limau," nikasema.

Kaka akacheka. "Haya, leo kinyozi kanyolewa." Akachukua brashi.

Bia ikichacha huacha hewa nzito ndani ya pipa, kule chini. Huioni, lakini inaua. Mimi, mwoshaji, nilizoea kulifungua pipa asubuhi na kulipulizia feni hadi mchana. Kaka alikuwa ameshinda kwa muda mrefu mno, akasahau. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe, sikumkumbusha. Nikasikia brashi ikigonga chuma, mara moja tu.

Msibani Bosi aliniambia, "Angalau mlikuwa mmeshachagua. Tutaagiza hiyo aliyoikubali marehemu."

Mama, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaitikia, "Mwanangu hakuwahi kukosea kwenye kazi yake."



Magunia yalifika mwezi uliofuata. Wateja wanaisifu bia. Pipa sasa linaoshwa kwa mpira wa maji kutoka nje, haingii mtu. Kila Jumanne napima kilo mbili za hopsi ya limau, naimimina.